Shamba la Mwisho la Wimbi

Nabwile alipowaambia watu wa kwao Kabuchai kwamba amerudi kulima wimbi, waliitikia kwa kichwa wakangoja aendelee. Walidhani huo ulikuwa utangulizi tu. Mwanamke wa rika lake, mwalimu wa chuo, hawezi kufunga nyumba Kitale aje kupanda nafaka ambayo hata kuku wa siku hizi hawaijui, bila kuwa na jambo jingine nyuma yake. Wengine walisema amefukuzwa kazi. Wengine walisema kuna wazungu wamempa mradi. Wachache waliomjua tangu utotoni walisema ni upweke unaomsumbua, na hao walikaribia ukweli, ingawa hata wao hawakuufikia.

Kazi yake ilikuwa historia, lakini haikuwa ile ya wafalme na vita. Alichunguza mashamba: nani alilima nini, kwenye udongo upi, akisaidiana na nani, na kwa nini aliacha. Kwa miaka kadhaa alikuwa akizunguka na simu yake ya kurekodia, kuanzia Naitiri hadi miteremko ya Elgon, akiwauliza wazee wimbi lilienda wapi. Alikuwa na picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege, enzi za wakoloni. Ukizitazama, nchi nzima ilikuwa viraka viraka, na kila boma lilikuwa na duara jeupe uani, pale nafaka ilipopurwa. Picha za siku hizi zinaonyesha miwa upande wa Bungoma na mahindi upande wa Kitale, na maduara meupe hayapo tena.

Wazee walimjibu vizuri. Mahindi ni rahisi, walisema. Watoto walienda shule. Kiwanda kilikuja. Na karibu kila mmoja, mwishoni, aliongeza maneno yaleyale: "Jirani aliacha, na mimi nikaacha." Nabwile aliyaandika hayo chini ya kichwa alichokiita kuigana.

Siku aliyowasilisha kazi hiyo mbele ya walimu wenzake, mzee Gathogo, aliyefundisha jiografia na hakuwa mtu wa maneno mengi, aliinua mkono.

"Mwalimu Nabwile, nimefurahi. Swali langu ni dogo. Hili wimbi, wewe mwenyewe umewahi kulipalilia?"

Watu walicheka kidogo. Yeye pia alicheka, akasema hapana, akaendelea na picha iliyofuata. Lakini swali lile lilimfuata mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Tuwan, likapanda naye ngazi.

Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na dirisha linalotazama mabati ya watu. Ndoa yake na Munene ilikuwa imekwisha miaka mingi kabla, bila kelele, kama redio inavyoishiwa na betri. Hawakujaliwa mtoto. Zilikuwapo siku ambapo sauti pekee iliyomsemesha ana kwa ana baada ya kutoka kazini ni ya yule mama wa mboga pale chini: "Sasa, mwalimu. Leo sukuma ama managu?" Alijibu, akalipa, akapanda juu, na mazungumzo ya siku yakawa yameisha. Jioni ile aliketi kitandani na viatu miguuni, akahesabu moyoni watu waliomwimbia nyimbo za mashambani, waliomwonyesha mawe ya kusagia, waliomlilia hata. Aliwajua wote kwa sauti zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kumpigia simu.

Akaomba likizo ya msimu mzima. Chuo kikampa.

Mbegu alizipata kwa Jepkorir, bibi aliyeishi juu ya mteremko, mbele ya Kitale unapoelekea mlimani. Jepkorir alikuwa bado anapanda wimbi kidogo nyuma ya jikoni, kwa ajili ya uji wake. Alikuwa mmoja wa wale waliomwimbia Nabwile wimbo wa palizi, mwaka uliotangulia.

"Kogo," Nabwile alimwambia, maana ndivyo watu wa kwao walivyomwita bibi, "nataka kujaribu kupanda nyumbani kwetu."

"Wewe na nani?" Jepkorir aliuliza.

"Mimi tu."

Bibi alimwangalia, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kitambaa. "Sawa," alisema. "Kama ni wewe tu, hii itatosha. Hata itabaki."

*

Wanjala, kaka yake, alimpokea vizuri. Alimfungulia nyumba ya marehemu mama yao, akafukuza popo darini, akamletea kuni. Alikuwa mtu mpana, mkulima wa miwa, mwenye kucheka kwa urahisi. Lakini alipoambiwa habari za wimbi kicheko kilimkauka.

"Dada, hiyo kipande ya kando ya mto ni yako. Baba alisema mbele ya wazee, na mimi siwezi kukataa. Lakini panda miwa kama watu. Ama mahindi."

"Nataka msimu mmoja tu, Wanjala."

"Halafu?"

"Halafu utailima upendavyo."

Wanjala alitazama upande wa mto. "Wimbi," alisema, kama mtu anavyotaja jina la marehemu. Kisha akavaa kofia yake akaenda zake, na tangu siku ile hakukanyaga shamba lile. Nabwile alidhani ni tamaa ya ardhi. Mwanamke aliyeolewa akarudi kwao huwa mgeni wa ajabu: sheria inamtambua, watu wanamsalimia, lakini hakuna anayejua akae upande gani wa uani wakati wa sherehe. Alijiambia kwamba kaka yake naye amekuwa kama wengine.

Mvua za Machi zilipoanza alimwaga mbegu kwa mkono, akitembea kinyumenyume kama alivyoelezwa na wazee, akafukia kwa tawi la mti. Baada ya siku chache ardhi ikachipuka rangi ya kijani nyepesi kama ukungu. Alisimama pembeni asubuhi ile na moyo wake ukajaa. Akatafuta mtu wa kumwonyesha. Alipiga picha kwa simu, akafungua majina ya watu, akayapitia yote mpaka chini, akaizima.

Kisha palizi ikaja, na hapo ndipo alipoanza kuelewa swali la Gathogo.

Wimbi si kama mahindi, unayoyapalilia umesimama huku ukipiga soga. Wimbi hupaliliwa kwa magoti. Likiwa dogo lina ndugu yake wa porini anayefanana nalo kama pacha: jani lilelile, kimo kilekile. Tofauti iko chini kabisa, kwenye shina, ambapo lile la porini limebapa na kuwa jeupe, na ukilivuta linagoma. Kila mche ilibidi auinamie, autenge kwa vidole, auchungulie, aamue. Jua lilipanda mgongoni mwake likashuka. Jioni alipogeuka nyuma kutazama alichofanya, kilikuwa kipande cha ukubwa wa kitanda.

Aliendelea hivyo siku baada ya siku. Alipofika karibu na katikati ya shamba, ile sehemu aliyoanzia ilikuwa imeota magugu upya.

Jumapili akaenda kanisani akiwa ameshaamua. Baada ya ibada alimtafuta Phanice, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, jirani ambaye shamba lake lilipakana na lao upande wa barabara. Alimweleza haja yake. Angepika chai na viazi vitamu, nao wangemsaidia kupalilia siku moja tu, kama zamani.

"Hakuna shida, mwalimu," Phanice alisema. "Jumatano tutakuja." Kisha akasogea karibu. "Na hii mradi, iko chini ya nani?"

"Haiko chini ya mtu. Ni shamba langu tu."

"Aa," Phanice alisema. "Sawa."

Jumatano Nabwile aliamka mapema. Alikuwa ameazima sufuria kubwa kwa Nasimiyu, mke wa Wanjala, ile ya matanga na harusi. Akachemsha chai ya maziwa, akachemsha viazi, akapanga vikombe juu ya meza nje ya nyumba, akavifunika kwa kitambaa ili inzi wasitue juu yake. Akaketi. Jua likatoka likagusa meza. Alisikia lori likipita barabarani na sauti za watu juu yake, likasimama, likaondoka. Akapasha chai moto. Akaipasha tena.

Phanice alikuja jua likiwa juu, peke yake, jembe begani.

"Mwalimu, usione vibaya. Walikuwa wanakuja. Lakini gari ya miwa imepita ikichukua watu wa vibarua, na unajua vile mambo iko."

"Najua. Karibu chai."

Phanice alikunywa chai. Aliisifu. Akaenda na Nabwile mpaka shambani, akasimama akilitazama kwa muda, kisha akapiga magoti akapalilia kando yake, kwa mikono yenye kasi iliyoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi ile akiwa msichana. Baada ya muda aliketi, akanyoosha mguu mmoja.

"Si ati hatutaki kukusaidia," alisema. "Zamani ulikuwa unaniita kwako leo, kesho mimi nakuita kwangu. Wote tuko na kitu moja. Sasa mimi nikija kwako, wewe kwangu utakuja kufanya nini? Miwa yangu inapaliliwa na watu wa kulipwa. Unaona? Hakuna siku yako ya kurudisha."

Phanice alijipangusa magoti, akaaga. Jioni Nasimiyu alikuja kuchukua sufuria, akaikuta bado imejaa. Alitazama vikombe vilivyofunikwa, akamtazama wifi yake.

"Mulamwa," alisema taratibu, "hii chai nipatie niende nayo. Watoto watakunywa."

Aliibeba bila kusema neno jingine, na Nabwile alimshukuru moyoni kwa ukimya ule.

Siku zilizofuata alipalilia peke yake. Ili apate sauti ya kumsindikiza, aliifunga simu ndani ya kitambaa cha kichwani, karibu na sikio, akasikiliza rekodi zake. Asubuhi moja ukaja wimbo wa Jepkorir. Aliufahamu vizuri; alikuwa ameuandika wote. Bibi aliimba mstari mmoja kwa sauti nyembamba, kisha akanyamaza. Mstari wa pili, akanyamaza tena. Kwenye maandishi yake, Nabwile alikuwa ameweka alama kwenye kila ukimya na kuandika: hapa anasahau.

Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye matope, vidole viko kwenye shina la mche, na wimbo ukafika kwenye ukimya wa kwanza. Katika ukimya ule alijikuta anataka kuitikia. Aliachia mche. Ukaja mstari wa pili, na ukimya wa pili, wa urefu uleule kabisa. Bibi hakuwa amesahau chochote. Alikuwa akiwangoja wanawake wenzake waitikie, kila mara, kwa muda uleule waliokuwa wakiutumia kuitikia, halafu akaendelea kana kwamba wameitikia. Alikuwa ameimba hivyo mpaka mwisho, jikoni kwake, mbele ya mgeni mwenye simu.

Nabwile aliusikiliza wimbo wote, akauzima. Upepo ulipita kwenye miwa pande zote. Ilikuwa imeshampita kimo, na tangu mwezi ule, akiwa shambani, hakuweza kuona nyumba ya mtu yeyote.

*

Wimbi lilikua, licha ya yote. Kufikia mwisho wa Juni lilikuwa limetoa vichwa vyenye vidole vilivyojikunja kama ngumi ya mtoto, na punje zilikuwa zimeanza kujaa maziwa. Hapo ndipo ndege walipokuja.

Mwanzoni walikuwa wachache, na aliwafukuza kwa kupiga makofi. Asubuhi iliyofuata walikuja kundi, kwelea na mnana, wakatua kwa pamoja mpaka mabua yakainama. Alipiga kelele wakaruka, wakazunguka juu ya miwa mara moja, wakatua upande wa pili. Alikimbilia upande wa pili wakarudi upande wa kwanza. Alining'iniza makopo kwenye kamba, akafunga vitambaa kwenye vijiti. Walivizoea. Kutoka alfajiri mpaka giza lilipoingia alikuwa akikimbia na debe bovu na kipande cha mti, akila amesimama, na kila siku walikuwa wengi kuliko jana.

Aliketi siku moja kwenye kigoda, ameishiwa nguvu, akawatazama wakila. Ndege hawa wametoka wapi? Alitazama kushoto na kulia: miwa. Ng'ambo ya mto: miwa, na nyuma yake mahindi ambayo ndege wadogo kama hawa hawayawezi. Kutoka pale alipoketi mpaka Chwele hapakuwa na punje nyingine ya kuwashibisha. Akaikumbuka ile picha ya kutoka angani, viraka vyote vile, vimepandwa wiki moja, vimeiva wiki moja. Ndege walikuwa walewale, lakini walikuwa wakigawanywa. Kila boma liliwalisha wachache, na hakuna aliyeumia. Sasa ndege wa mashamba elfu walikuwa na meza moja, na meza yenyewe ilikuwa yake.

Alikuwa bado anawaza hivyo alipomsikia mtu akikohoa nyuma yake. Wanjala alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba, kofia mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona pale tangu mbegu zimwagwe.

"Nasimiyu amesema hujala tangu jana," alisema.

"Nitakula."

Hakuondoka. Aliwatazama ndege kwa muda mrefu, uso wake umekunjamana kama mtu anayetazama jua.

"Unafikiri mimi nachukia hii kitu yako," alisema.

"Hujawahi kufika hapa."

"Siwezi kufika. Siwezi kuangalia." Akachuchumaa, akang'oa jani, akalikunja vidoleni. "Wewe ulikuwa Kitale, shule ya bweni. Hukuona. Mama ndiye alikuwa wa mwisho."

"Wa mwisho wa nini?"

"Wa wimbi. Hapa kote mpaka barabarani. Kwa kina Phanice walikuwa wameingiza miwa. Kwa Wekoye wakaingiza. Mama akasema hawezi kula sukari, akapanda. Hapahapa. Ndege wote wakahamia kwake, vile unaona hii. Mimi nilikuwa naenda na ng'ombe mtoni, nampita asubuhi, nikirudi nampata. Amesimama katikati ameinua mikono juu. Sauti imeisha, dada. Anafungua mdomo tu, na hakuna kitu inatoka."

Nabwile aligeuka akatazama katikati ya shamba.

"Msimu wa pili akapanda tena. Akavuna kama kikapu hivi. Wa tatu, baba akaleta trekta. Mama hakumwambia usilime, hakumwambia lima. Aliingia jikoni akafunga mlango."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia nini? Ulikuwa unakuja likizo, unakunywa uji, unarudi shule. Na alikuwa anataka urudi shule."

Ndege walitua kwa pamoja karibu nao. Hakuna aliyeinuka. Nabwile alimwona mama yake kwa namna ambayo hakuwahi kumwona: mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wake yeye sasa, kwenye udongo uleule, akifungua mdomo usiotoa sauti, na watu wakipita barabarani kwenda kwenye miwa yao wakimsalimia kwa adabu. Akawakumbuka wazee wote aliowarekodi. Jirani aliacha, na mimi nikaacha. Walikuwa wamemwambia yote aliyotaka kujua, naye akayaita kuigana. Hawakuwa wameigana. Kila aliyeacha aliwaachia waliobaki ndege wake na magugu yake na siku zake za palizi, mpaka mzigo wa kijiji kizima ukamwangukia mtu mmoja. Na mtu huyo, kwa upande huu wa mto, alikuwa amemlea yeye.

Alilia bila kujificha. Wanjala alitazama pembeni mpaka alipomaliza. Kisha akasimama, akaliokota debe bovu miguuni pa dada yake.

"Mimi nitakaa kule chini kwa mto," alisema. "Wewe kaa hapa juu. Wakiruka kwako watakuja kwangu, wakitoka kwangu nitawarudisha. Angalau watachoka."

Kuanzia asubuhi iliyofuata alikuja kabla jua halijatoka, kabla ya kwenda kwenye miwa yake, na jioni alirudi. Walikaa mbali, kila mmoja na ncha yake ya shamba, hawawezi kusemezana kwa sababu ya umbali na kelele za makopo. Mara nyingine Nabwile aliona kofia yake tu juu ya vichwa vya wimbi. Haikuondoa ugumu wa kazi, na ndege bado walikula sehemu kubwa. Lakini alipokuwa akipiga debe lake, lingine lilisikika kutoka chini.

*

Walivuna mwishoni mwa Julai, kwa visu vidogo, kichwa kimoja kimoja. Nasimiyu alikuja kusaidia, na wawili hao walisiliba ua kwa samadi ya ng'ombe, wakaacha ukauke mpaka ukawa mgumu na laini kama chungu. Kupura kulichukua asubuhi moja. Nafaka yote ilienea kwenye gunia ambalo halikujaa hata nusu. Phanice alipita, akaomba kikombe cha mbegu. Nabwile akafurahi kupita kiasi, akampimia vikombe vitatu. Baadaye alisikia kwamba Phanice amezisaga akampikia mjukuu wake uji, na mtoto ameupenda. Nabwile alicheka aliposikia, kicheko cha kweli, ingawa alikuwa chumbani peke yake.

Jumapili alisonga ugali wa wimbi, wa rangi ya udongo, akapika na mrenda na jogoo aliyenunua Chwele. Wanjala, mke wake na watoto walikuja kwenye nyumba ya mama, ambako hawakuwahi kula tangu mazishi. Wanjala aliomba kabla ya kula. Alishukuru kwa mvua, kwa afya, kisha akashukuru kwa mikono iliyolima shamba hili, ya sasa na ya zamani, akasema amina. Watoto walionja, wakatazamana, wakausogeza ugali pembeni, wakala kuku. Hakuna aliyewagombeza. Wanjala alikula polepole, akitafuna kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. Alipomaliza alisukuma sahani mbele.

"Niongeze kidogo," alisema.

Wiki iliyofuata trekta lilipangwa kuja. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wanjala alipita mlangoni.

"Dada, naweza kuacha hiyo kipande. Ukitaka."

Nabwile alikuwa amelifikiria hilo tangu mavuno. Angeweza kupanda tena. Kaka yake angekuja asubuhi na debe, mpaka siku ambayo miwa yake ingemwita na asingeweza kuja. Wasingekuwa wakulima wa wimbi. Wangekuwa watu wawili wanaopigana na ndege.

"Tulipatana msimu mmoja," alisema. "Lima."

Asubuhi alisimama pembeni mwa shamba huku trekta likienda na kurudi, likifukia mabua. Kwa kuwa mlango wa jikoni ulikuwa mbali, na kwa kuwa hakutaka kuuingia, alibaki nje mpaka mwisho.

Alirudi Kitale mwezi Agosti. Nyumba ya Tuwan ilikuwa na vumbi na harufu ya kufungwa. Mama wa mboga alimwambia, "Mwalimu, ulipotea," akamwongezea kitunguu bure. Aliandika kwa wiki nyingi. Alikifuta kile kichwa cha kuigana, akaandika sura mpya kuhusu watu wa mwisho: namna zao lisivyofia kwenye kijiji kwa siku moja, ila hurudi nyuma shamba hadi shamba, na namna mtu anayebaki hulipia wote walioondoka. Gathogo aliisoma. Alimrudishia karatasi bila alama hata moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda darasani.

Vinginevyo maisha hayakubadilika sana. Jioni zilikuwa ndefu kama zamani. Dirisha lilitazama mabati yaleyale. Mara kwa mara alijikuta amenyamaza katikati ya chumba, amesimama, bila kujua alikuwa akienda kuchukua nini.

Jumapili moja ya Oktoba mvua ilinyesha mchana kutwa. Alikuwa ameketi mezani amewasha taa mapema, kalamu imelala, wakati simu ilipoita. Alidhani ni ya kazi. Ilikuwa Wanjala, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akipiga simu tu pakiwa na msiba.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa," Wanjala alisema. Alisikika akitafuta la kusema. Nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga mabati ya Kabuchai. "Ni kukusalimia tu. Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha."

"Hata huku."

Walisikiliza mvua kwa pande zote mbili. Nabwile alivuta kiti karibu na dirisha ili mtandao ushike vizuri.

"Umekula nini leo?" kaka yake aliuliza.

Akaanza kumwambia.